PostgreSQL na kashe zake: nyota nne, na sababu ya kuinyima ya tano

Wengi wakipima seva ya hifadhidata huanza na kasi: maswali mangapi kwa sekunde. Mimi kazi yangu ni kuzitunza seva hizi zikiwa na watumiaji ndani, kwa hiyo swali langu la kwanza ni jingine. Nikibadilisha umbo la jedwali wakati mamia ya miunganisho yako kazini, je, kuna hata mmoja utakaoendelea kusoma kwa maelezo ya zamani? Kwa kipimo hicho naipa PostgreSQL nyota nne kati ya tano.

Swali hili lina uzito kwa sababu PostgreSQL hufungua mchakato mmoja kwa kila muunganisho. Kurasa za data zenyewe hazisumbui: zinakaa kwenye kumbukumbu ya pamoja, ile ya shared_buffers, nakala moja ambayo michakato yote inaiona. Kinachosumbua ni katalogi, yaani majedwali ya ndani ambamo seva huandika maelezo ya majedwali yako. Ili usisome majedwali hayo, kama pg_class na pg_attribute, upya kwa kila swali, kila mchakato hujiwekea kashe yake binafsi, nakala ya karibu ya kile ulichokwisha kukisoma: jedwali lina safu gani, faharasa zipi, aina gani za data, pamoja na mipango ya maswali yaliyoandaliwa (yaliyochanganuliwa mara moja ili yarudiwe). Miunganisho 300 ina maana kunaweza kuwa na nakala 300 za maelezo ya jedwali moja, na hakuna mchakato unaoweza kuingiza mkono kwenye kumbukumbu ya mwenzake na kusahihisha.

Suluhisho lao ni foleni moja ya mviringo kwenye kumbukumbu ya pamoja, yenye nafasi 4096 za ujumbe. Ujumbe mmoja ni baiti 16 tu, na hapa ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii: ujumbe haubebi thamani mpya. Unasema tu kwamba kilichomo kwenye kashe fulani chenye hashi hii (namba fupi ya kukitambulisha) kimekufa, au maelezo ya jedwali lenye namba hii yamekufa. Anayekihitaji atakwenda kukisoma upya kwenye katalogi, na asiyekihitaji hapotezi muda. Hakuna nafasi ya thamani mbili kupishana njiani, kwa sababu hakuna thamani inayosafiri.

Ila ujumbe mzuri ukichelewa hauna faida, na ubora wa kweli uko kwenye mpangilio wa wakati. Anayebadilisha jedwali hushika kufuli, kibali kinachowafanya wengine wangoje. Muamala wake, yaani kundi la mabadiliko yanayokubaliwa au kukataliwa kwa pamoja, ukishaandikwa kuwa umekamilika, kwanza hutuma ujumbe kwenye foleni, ndipo huachia kufuli. Upande wa pili, anayetaka kulitumia jedwali hilo lazima apate kufuli lake, na akishalipata husoma foleni kabla ya kuiamini kashe yake. Kwa hiyo haiwezekani ulipate kufuli halafu tangazo la mabadiliko liwe bado halijafika. Muamala ukibatilishwa, wengine hawaambiwi kitu. Mchakato uliokuwa unafanya mabadiliko husafisha vyake na mambo yanaishia hapo.

Usiniamini kwa maneno. Fungua madirisha mawili ya psql, programu ya kuandikia PostgreSQL amri. Tengeneza majedwali mawili, bei na bei_mpya, yenye idadi tofauti za mistari. Dirisha la kwanza andika BEGIN kuanza muamala, kisha lipe jedwali bei jina la bei_kale, na bei_mpya ulipe jina la bei. Usikamilishe. Dirisha la pili andika SELECT count(*) FROM bei. Litaganda, kwa kuwa jina "bei" kwa sasa bado linaelekeza kwenye jedwali la zamani, ambalo limefungwa. Sasa rudi la kwanza, andika COMMIT. Dirisha la pili linazinduka, na hesabu linayotoa ni ya jedwali jipya. Kilichotokea ni kwamba baada ya kupata kufuli, mchakato ulisoma foleni, ukaona kuna ujumbe ulioingia tangu ulipolitafuta jina, ukalitafuta tena, ukakuta linaelekeza kwingine, ukaachia kufuli la zamani na kushika la jipya. Mtumiaji hajui kitu. Nimewaonyesha jambo hili wanaoanza kazi hii, na hakuna somo jingine linalowatuliza haraka kama hili.

Kwenye seva za kusubiri, zile zinazofuata nakala ya seva kuu, pia hawakuzembea. Rekodi ya kukamilika kwa muamala kwenye WAL, daftari la mabadiliko ya seva, hubeba ujumbe huohuo, na mchakato unaorudia WAL huko huutangaza kwa wasomaji wa pale. Na tangu toleo la 14 kuna mpangilio unaoitwa debug_discard_caches, unaofanya kazi kwenye seva iliyojengwa kwa ajili ya majaribio: hulazimisha kashe zitupwe kila zinapoweza kutupwa, ili msimbo unaoshikilia kitu kilichokufa ujulikane mapema. Seva hutambaa kwa uzito ikiwa hivyo. Naheshimu sana watu wanaokubali kungoja majaribio ya namna hiyo.

Sasa nyota iliyokosekana.

Foleni ina mwisho. Mchakato uliolala bila kusoma hutumiwa ishara uamke na kujisomea. Ukibaki nyuma hadi foleni inauzunguka, unaambiwa utupe kila kitu na kuanza upya. Kwa usahihi, uamuzi huo hauna kasoro. Kwa gharama, unauma. Nimewahi kutunza mfumo wa ripoti ambao kila ombi lilitengeneza majedwali ya muda. Jedwali la muda nalo huandikwa kwenye katalogi kama mengine, kwa hiyo likizaliwa hutangazwa na likifa hutangazwa, kwa michakato ambayo haitaligusa maisha yake yote. Prosesa ilikuwa inahangaika na matangazo. Tulipobadilisha maswali yatumie WITH, yaani swali dogo ndani ya swali kubwa, badala ya majedwali ya muda, kukatulia.

Kubwa zaidi kwangu ni kumbukumbu. Kashe hizi za katalogi hazina kikomo cha ukubwa unachoweza kukiweka. Muunganisho unaoishi muda mrefu na kupita kwenye maelfu ya vigawanyo vya majedwali hukusanya maelezo yake yote na kuyashika, halafu mwenzake naye hivyohivyo. Dawa ni kupunguza miunganisho kwa kuweka mbele PgBouncer, programu inayowagawia watumiaji wengi miunganisho michache, na inafanya kazi, lakini ni dawa ya nje kwa ugonjwa wa ndani. Seva inayotumia nyuzi (njia kadhaa za kazi zinazoona kumbukumbu moja) ndani ya mchakato mmoja, kama MySQL, inaweza kuwa na kashe ya pamoja kwa hili. (Ingawa MySQL nayo iliwahi kuwa na kashe ya matokeo ya maswali iliyotupa kila kitu cha jedwali kila mstari mmoja ulipoguswa, waliiondoa kabisa kwenye toleo la 8.0, na walifanya vema.)

Dosari ndogo: swali lililoandaliwa kwa SELECT * litakataa kwa kosa baada ya safu kuongezwa, kwa sababu aina ya matokeo imebadilika. Taja safu kwa majina na mpango utajengwa upya kimyakimya.

Mwisho, ulinzi huu wote unaishia mlangoni pa seva. Kashe iliyo ndani ya programu yako haipati ujumbe wowote, labda uitengenezee mwenyewe kwa LISTEN na NOTIFY, amri za kusikiliza na kutuma matangazo. NOTIFY nayo hufika baada ya muamala kukamilika tu, na mzigo wake lazima uwe chini ya baiti 8000, kwa hiyo fuata mtindo wao: tuma namba ya kilichobadilika, thamani iache. Anza kwa LISTEN na uikamilishe, ndipo upakie kashe, usije ukapitwa na badiliko lililoingia katikati. Muunganisho ukikatika, matangazo ya muda huo hayatarudiwa; ukiunganishwa tena, rudia LISTEN, futa kashe nzima, kisha pakia upya.