Choo cha kukaa: kipi hakitazibaziba Nairobi

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi River Road au Industrial Area, muuzaji atakupeleka moja kwa moja kwenye choo cha kipande kimoja, kinang'aa, kifuniko kinashuka polepole bila kugonga. Nami nilikinunua kwa sababu ya hicho kifuniko. Kwetu ni ghorofa ya tatu, maji ya mgao huja siku mbili kwa wiki, siku nyingine ni ndoo. Choo kile na ndoo havikuelewana hata kidogo. Fundi na waya wake wa kuzibulia alikaribia kuwa mtu wa nyumbani.

Kosa langu ni kutouliza kinavyomeza. Kuna cha kusukuma: maji yanashuka kwa kishindo na kuupeleka uchafu kwenye koo, yaani njia ya kutokea chini ya bakuli, fupi na pana. Halafu kuna cha kufyonza, kama hicho changu: koo lake ni refu, jembamba, limejikunja kama nyoka, na lazima lijae maji ndipo livute. Likivuta, bakuli hubaki safi na kelele ni ndogo. Lakini linataka maji mengi kwa mpigo mmoja, na bunda la karatasi likinasa kwenye ile kona, basi.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni cha kusukuma, cha vipande viwili, tangi limekaa juu ya bakuli. Ndoo ya lita kumi ukiimwaga kwa nguvu inatosha, na spea za tangi hazikusumbui kupata. Chagua chenye vitufe viwili, cha lita 3 na cha lita 6. Kile kidogo ni cha mkojo. Ukikitumia kwa haja kubwa, mzigo utatoka bakulini na kulala njiani kwenye bomba, kisha utalaumu choo bure.

Namba mbili, wengi watanicheka, ni cha kuchuchumaa chenye tangi. Kuziba kwake ni nadra, na kwenye ploti ya kupangisha, choo kimoja familia nne, ningekiweka juu kabisa. Kinashuka kwa ajili ya magoti ya wazee tu.

Cha tatu ni cha kipande kimoja cha kusukuma: rahisi kupangusa, ila kizito, na tangi likipata ufa unanunua choo kizima. Cha kufyonza ni cha nne, kwa mwenye tangi la paani lisilokauka. Cha mwisho ni kile kinachoning'inia ukutani, tangi limefichwa ndani. Kinapendeza. Lakini vali ikivuja hutengenezwa kupitia tundu la kitufe, na inabidi umpate fundi anayekijua pamoja na spea yake hasa.

Ukiwa dukani, kunja mkono wa shati uingize vidole kooni. Kauri iwe laini hadi ndani. Pakikwaruza, ndipo uchafu utakaposhika. Muuzaji akikwambia choo kitavuta vizuri kwa kuwa mtaa wenu una presha, mwache aseme. Presha ya bomba hujaza tangi upesi, basi. Nguvu ya kusukuma hutoka kwenye maji yaliyomo tangini na upana wa vali inayoyaachia.

Kabla ya kulipa, jua bomba lako la inchi nne linatokea sakafuni au ukutani, maana vyoo vyake ni tofauti. La sakafuni, pima kutoka ukuta uliokwisha kuwekwa taili hadi katikati ya bomba. Vyoo vingi hutaka milimita 300, lakini usikisie. Na fundi akiwa bado hajafukia bomba, mwombe aweke levo mbele yako: kila mita moja ishuke sentimita mbili na nusu hivi.