Slaidi za tishu: shina la alizeti safi, mfupa hapana

Sanduku hili lina slaidi 25 za tishu za mimea na wanyama, nami nimelitumia darasani muhula mzima.

Lililonifanya nilipende ni mkato wa shina la alizeti. Umetiwa rangi mbili: penye lignini, ile dutu inayoufanya ukuta wa seli uwe mgumu kama mbao, ni pekundu, penye selulosi tupu, dutu ya kawaida ya ukuta wa seli za mimea, ni kijani. Ukikuza mara 100 unaona mafungu ya mishipa ya kupitisha maji na chakula yamejipanga duara, na upande wa nje wa kila fungu kuna kofia nyekundu ya nyuzi. Panda hadi mara 400. Kuta za nyuzi hizo ni nene hivi kwamba katikati kimebaki kitundu tu. Seli zenyewe zilishakufa. Zilijijengea ukuta, zikaujaza lignini, zikafa, na ukuta ukabaki kulishika shina. Mwanafunzi wangu mmoja aliangalia muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo mti umeshikwa na maiti?" Nikamwambia ndiyo, mbao karibu yote ni hivyo. Miaka yote niliyochora ubaoni sikuwahi kuulizwa swali zuri kama hilo.

Sogeza slaidi kidogo kuelekea nje, karibu na ngozi ya shina, ukutane na kolenkima, seli zinazolishika shina changa. Hizi zi hai, na kuta zake zimenenepa kwenye pembe tu, ndiyo maana shina changa hupinda kwa upepo huku likiendelea kurefuka.

Slaidi ya tunda la pea nayo ni nzuri. Ule mchanga unaousikia menoni ukila pea ni seli za mawe, na hapa unaona ukuta wake tabaka juu ya tabaka, umetobolewa na vijia vyembamba kama uzi.

Upande wa wanyama, gegedu, tishu imara iliyo laini kuliko mfupa, imetoka vizuri: seli mbilimbili ndani ya vishimo, zimezungukwa na maada yenye kolajeni (protini ya nyuzi imara) ambayo zimeitoa zenyewe. Seli ya mnyama haina ukuta, na kwenye gegedu nguvu iko nje ya seli. Ngozi pia inaonyesha wazi tabaka la juu la keratini, protini ngumu kama ya kucha, likibanduka.

Mfupa ndio ulioniudhi. Mkato ni mnene, mwanga haupiti, na zile pete zinazozunguka mfereji wa damu hazionekani kabisa. Muuzaji alinibadilishia, ikaja nyingine ileile. Slaidi mbili zina viputo vya hewa. Halafu kijitabu kinaahidi kiunzi cha ndani ya seli, yaani vijiuzi vya protini vinavyoipa seli umbo, kitu ambacho kwa rangi hizi na hadubini ya kawaida hutakiona, na si haki kumwahidi mwanafunzi hivyo.

Kwa somo la mimea ningelinunua tena leo. Likifika, anza na slaidi ya mfupa siku hiyohiyo, muda wa kurudisha usije ukakupita.