Kindle Worlds au AO3: hadithi ya shabiki ikae wapi?

Mwaka 2013 Amazon ilipofungua Kindle Worlds, duka la mtandaoni la hadithi ambazo mashabiki huandika kwa kutumia wahusika wa kazi za wengine, mwandishi shabiki aliahidiwa asilimia 35 ya mapato halisi kwa hadithi ya maneno 10,000 au zaidi. Pesa ilikuwepo, tena kwa ruhusa ya wenye haki za kazi asilia. Lakini soma mkataba: mhusika uliyembuni mwenyewe, mwenye haki za kazi asilia angeweza kumtumia bila kukuongezea chochote. Hapo ndipo wengi walipokunja uso. Kuchanganya wahusika wa kazi mbili nako kulikuwa marufuku. Mwaka 2018 duka likafungwa.

AO3 (Archive of Our Own), hifadhi ya mtandaoni ya hadithi za mashabiki iliyofunguliwa 2009, hailipi hata senti. Haina matangazo, inaendeshwa kwa kujitolea na michango. Hadithi inabaki yako, ukitaka unaifuta. Mimi ningeiweka huko, unga nikautafutie kibarua kingine.