Kumimina kwa kitabu au kwa kijiti?

Ukibadilisha oili ya Probox yenye injini ya 1NZ nyumbani, kitabu cha gari kinataja lita 3.7 ukibadilisha na filta, 3.4 ukiiacha ya zamani. Dumu la dukani ni lita 4. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanamwaga dumu zima.

Njia ya kwanza ni kupima lita 3.7 na kuzimimina zote. Ni ya haraka, ila inachukulia kwamba oili chafu imetoka yote. Gari likiwa limeinama kidogo au injini ikiwa baridi, kiasi fulani hubaki chini, nawe unaongezea juu yake.

Njia ya pili: mimina lita 3 na nusu, washa injini dakika moja hivi ili filta ijae, zima, subiri dakika tano oili ishuke, kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Kifute, kirudishe mpaka mwisho, kitoe tena. Usomaji wa kwanza hauaminiki. Ongeza kidogo kidogo hadi ikaribie alama ya juu. Gari lisimame kwenye usawa, la sivyo kijiti kitakudanganya.

Mimi nachagua ya pili, hata kama inachosha. Oili ikipungua kidogo chini ya alama ya juu, hakuna neno. Ikizidi mno, krankshafti, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, huipiga ikatoa povu, na povu halilainishi vizuri. Sili nazo, yaani vizibo vya mpira vinavyozuia oili isitoke, huweza kuanza kuvuja. Kuipunguza ni kulala tena chini ya gari.