Kozi ya kufungua njia ya hewa hapa Mombasa, nimetoka wiki jana

Mlioniuliza kama inafaa kulipia, jibu langu lipieni. Siku mbili, ni ya maintani na matabibu wapya. Siku ya kwanza nzima hatukushika laringoskopu, kile chuma cha kuangalia kooni, mi nikakereka manake ndo nilichoendea, lakini mkufunzi alitukazania maski na ambubegi tu, ule mfuko wa kubana kumpa mgonjwa pumzi, vidole viwili juu ya maski, vitatu vinyanyue taya, usimkandamize mtu uso, na ukishindwa ita mwenzio, mmoja ashike maski kwa mikono miwili mwingine abane begi. Jioni ndo nikaelewa, kama waweza kumpumulisha kwa maski una wakati, tyubu ya kuingiza kwa njia ya hewa itangoja.

Siku ya pili thieta, wagonjwa waliopangiwa upasuaji na wakaombwa ruhusa. Kabla ya kumgusa mtu mwakaa na daktari wa nusukaputi mwapanga, hii ikikataa twafanya nini, na wakati gani yeye anachukua. Oksijeni dakika 3 kwanza. Halafu anasimama begani kwako, macho kwa monita, anakusomea namba ya oksijeni ya damu, ikishuka asilimia 93 unatoa chuma unarudi kwa maski hakuna kubishana, ukijaribu mara mbili imekataa anashika yeye. Na ukianza kuegemea meno anakushika mkono palepale.

Hili laniuma kulisema. Hospitali moja nilipofanya intani niliachwa peke yangu usiku, tyubu ikaenda tumboni, nikasikiliza kifua nikaona iko sawa, sista mmoja ndo akaniambia daktari toa hiyo. Yule mama alipona alhamdulillahi, lakini mikono ilinitetemeka wiki nzima. Kozini hapa kifua pekee hakitoshi, mpaka mawimbi ya kapnografu, mashine ya kupima kaboni dioksidi ya pumzi anayotoa, yaonekane pumzi baada ya pumzi ndo unaambiwa imeingia. Mimi kwa hilo tu nimeridhika na pesa yangu.

Kutoboa koo kwa dharura tulifanyia koromeo za mbuzi kutoka buchani, kisu, buji yaani kijiti cha kuongoza tyubu, na tyubu namba 6, kila mtu na lake. Ila mdoli wa mtoto ulikuwa mmoja na sisi 12, nikapata zamu moja, ile hesabu ya saizi ya tyubu ya mtoto isiyo na kafu, yaani kiputo cha kuziba pembeni, miaka yake gawanya kwa 4 jumlisha 4, iko kichwani, mkononi bado. Waongeze tafadhali.

Wa Likoni wahini feri mapema, saa mbili kamili wanaanza na mwanzo ndo mwapangwa makundi.