Waosha makapeti wa Tabata Kimanga hapa Dar, nimepeleka mara tatu sasa

Jamani ngoja niandike hii maana najua sio mimi peke yangu ninayeteseka na kapeti la manyoya. Mwanangu wa kati ana pumu, daktari alishaniambia nipambane na vumbi la ndani, sasa mimi nina kapeti futi 7 kwa 10 sebuleni na watoto watatu wanakula ubwabwa juu yake, unafagia kila siku asubuhi lakini unafagia juu juu tu, mchanga wote umeshuka chini kwenye mashina ya manyoya.

Masika iliyopita nililipeleka sehemu moja wanayoosha magari, jina silitaji. Wakalilaza kwenye sementi, povu kama lote, wakapiga presha, kesho yake nikaletewa linanukia vizuri mpaka nikawaongezea hela ya soda. Nimelitandika siku ya tatu nyumba nzima inanuka ukungu, na usiku ule mtoto akabanwa kifua tukakimbia hospitali saa nane za usiku. Niliporudi nikaligeuza, juu kukavu kabisa ila kitako kibichi, ukikandamiza na kidole maji yanatoka!! Halafu wiki mbili mbele likawa chafu kuliko nilivyolipeleka. Sikuelewa kwa nini mpaka nilipokuja kuelezwa na hawa wa Kimanga, kwamba sabuni isiposuuzwa ikaisha inabaki inanata kwenye manyoya na kila vumbi linalopita linaganda hapo hapo.

Sasa hawa hawana hata bango, ni kibanda cha mabati nyuma ya gereji, mimi nilielekezwa na dereva bajaji. Kilichonifurahisha cha kwanza, kijana alipopokea kapeti hakugusa maji kabisa. Walilining'iniza kwenye bomba, mgongo ukiwa nje, wakaanza kulichapa na fimbo, wallahi mchanga uliodondoka pale ungejaza kopo la rangi la lita 4 na mimi nilikuwa nimelifagia asubuhi hiyo hiyo. Akaniambia mama, ukimwaga maji kabla ya kutoa mchanga unatengeneza tope humo ndani. Nikasema huyu anajua kazi.

Ndio wakaja kuosha, sabuni ya maji kidogo tu, brashi laini, wanasugua kufuata manyoya yanakolalia. Kusuuza ndio kulichukua muda mrefu kuliko kuosha, wanamwaga maji wanavuta na skwiza, ule mpira wenye mpini wa kuvutia maji, wanamwaga wanavuta, mpaka yale maji yanayotoka yawe meupe bila povu. Nilihesabu mara sita nikachoka kuhesabu. Kisha linaingia kwenye mashine ya kukamulia, lile dude refu kama bomba linazunguka kwa kasi, likitoka hapo halidondoshi hata tone, ndio linaanikwa juu kwenye upepo na wanaligeuza pande zote. Nilipolifuata siku ya pili nilienda moja kwa moja kushika kitako, kikavu. Elfu 25. Kuna watakaosema ni ghali, mimi nikikumbuka ile usiku wa hospitali naona ni hela ndogo sana.

Safari ya pili ndio nikawaamini kabisa. Nina zulia dogo la marehemu bibi, aliletewa kutoka Muscat na ndugu zake miaka mingi iliyopita, jekundu lenye maua ya kahawia, lile nililiogopa kumpa mtu yeyote. Mzee wao akavuta kauzi kamoja pembeni akakachoma na kiberiti, kakatoa harufu ya nywele zilizoungua na kakawa majivu, akasema hii ni sufu, manyoya ya kondoo, ingekuwa plastiki ingeyeyuka ikafanya kashanga kagumu. Halafu akalowesha kitambaa cheupe akakandamiza kwenye kona kuona kama rangi inatoka. Ikatoka kidogo. Basi akakataa presha, akakataa kuloweka, akakataa maji ya moto kwa sababu sufu inajikunja, wakalifuta kwa mkono na maji baridi na kulikausha kivulini likiwa limelazwa. Akanikanya pia kuhusu jiki, sufu ukiiweka kwenye jiki inalika mpaka inaisha, na mimi ndio nilikuwa napanga kulipiga jiki lile doa la chai, jamani jamani. Doa halikutoka lote, aliniambia mapema kwamba halitatoka lote, na hiyo kuambiwa ukweli kabla ya kulipa ndio kitu ninachokitafuta kwa fundi yeyote.

Mkojo wa mtoto nao nilimuuliza. Usisugue, unausukuma chini. Kandamiza na kitambaa kikavu mpaka kisilowane tena, weka maji yenye siki kidogo, kandamiza tena, nyunyiza bekingi soda uiache ikauke ndio uivute na vakyumu au uikung'ute nje. Nimefanya mara mbili kwenye lile la manyoya na harufu imeisha.

Mabaya yao yapo. Hawatoi risiti, unaandikiwa jina kwenye kikaratasi kinabandikwa kwenye kapeti, mimi sijapoteza ila roho haitulii. Hawana usafiri, guta la kwenda na kurudi lilinigharimu elfu 8. Mara ya tatu walichelewa siku mbili kwa sababu ya mvua, ila walinipigia wenyewe wakasema mama halijakauka hatuwezi kukupa, na kwa kweli nilishukuru kuliko kukasirika. Jumamosi usiende, foleni mpaka barabarani, nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, na lipige picha kapeti lako pande zote mbili kabla hujaliacha pale.