Swichi ya mkono ya Kirinyaga Road kwenye feni ya hita ya gari la zamani

Julai, kioo cha mbele kikiingia ukungu njia nzima hadi Limuru, ndipo wenye Land Rover na Austin za zamani hukumbuka hita. Swichi asilia ni adimu. Inayopatikana kwa urahisi Kirinyaga Road, mtaa wa spea jijini Nairobi, ni ile ya chuma, yenye miguu mitatu na hatua tatu: washa, zima, washa. Kwa feni ya kasi mbili inatosha, bora isibebeshwe mzigo wote.

Udhaifu wake umeandikwa ubavuni: ampea 15, volti 250. Hicho ni kipimo cha umeme wa nyumbani. Umeme wa betri hauna mapigo ya kupanda na kushuka, kwa hiyo cheche haikatiki upesi swichi inapoachia, na mota huizidishia nguvu. Vidole vya ndani, vinavyogusana kupitisha umeme, huungua, miguu hupata moto, feni huanza kukatakata, kisha fundi analaumu mota.

Weka rilei ya ampea 30 (swichi ya umeme inayobeba mzigo kwa niaba ya ile ya mkono) kwenye kasi ya juu. Miguu yake ina namba: 85 ethi, yaani bodi ya gari, 86 swichi, 30 fyuzi, 87 feni. Kasi ya chini ipite kwenye rezista kama zamani. Kwa feni tumia waya wa milimita mraba 2. Mguu wa katikati wa swichi ndio wa kuingiza umeme. Jihadhari na jambo moja: katika nyingi za swichi hizi, ukiinua mkono juu, mguu wa chini ndio unaopata umeme. Pima kwa mita kabla ya kubana.

Kwenye gari la Kiingereza chukua umeme kwenye waya wa kijani, uliopita fyuzi na unaozimika na ufunguo. Wa kahawia hutoka betri moja kwa moja. Ukiutumia huo kisha usahau feni, asubuhi unasukuma gari.

Fyuzi nayo ina mtego. Ile ya kioo ya Lucas ya ampea 35 hukatika kwenye 35, lakini mzigo wake wa kudumu ni 17. Ya kisasa iliyoandikwa 35 hubeba 35 bila wasiwasi huku waya ukiyeyuka.

Swichi zenye taa ziache dukani kama ethi ya gari ni chanya, maana taa ya LED haitawaka. Na hata kwenye ethi hasi, mguu wa taa, unaokwenda ethi, ukibadilishana na wa feni, ukiwasha tu fyuzi hukatika papo hapo.